Bunduki ya .22 Haipimwi kwa Matundu Matatu

Mtu akinionyesha karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyogusana na kudai bunduki yake ya .22 (ile ndogo yenye mtutu wa takriban inchi 0.22) inazishinda zote, humwomba anionyeshe ya risasi kumi. Kumi mfululizo, bila kutupa ile iliyokwenda pembeni. Risasi tatu hukusanyika pamoja hata kwa bahati. Kumi hazina huruma hiyo, na ndizo zinazosema mtutu una tabia gani.

Ugomvi mwingi kuhusu bunduki hizi kwa kweli unahusu risasi zake. Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887, na fataki yake, yaani mchanganyiko unaolipuka ukigongwa na kuwasha baruti, haikai katikati ya sehemu yake ya nyuma bali imefichwa ndani ya ukingo wake. Kiwandani mchanganyiko huo hulazimishwa kuenea ukingoni kwa kuzungushwa. Usipoenea sawasawa, pini ikagonga sehemu tupu, risasi hailipuki. (Ikitokea hivyo, acha mtutu ukielekea shabaha na usubiri angalau nusu dakika kabla ya kufungua.) Hapo watu hulaumu bunduki, ilhali risasi hiyo hiyo ikigeuzwa kidogo na kugongwa upande mwingine mara nyingi hulipuka.

Usahihi nao una mkono wa risasi. Zile za kasi kubwa hutoka mtutuni kwa takriban mita 380 kwa sekunde, juu ya kasi ya sauti. Kabla ya kufika mita 100 zinakuwa zimeshuka chini yake, na kichwa cha risasi huyumba kinapovuka mpaka huo. Zile za mashindano huanza chini ya kasi ya sauti na hazina mpaka wa kuvuka. Ndiyo maana walengaji wa Olimpiki wa mita 50, ambao duara la alama kumi wanalolenga lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, hutumia risasi za polepole, tena baada ya kujaribu shehena mbalimbali (mafungu yaliyotengenezwa pamoja kiwandani) za aina ileile. Namba ya shehena ikibadilika, matokeo yanaweza kubadilika.

Sasa ndipo uhakika wa kufyatuka bila kukwama na usahihi vinapovutana. Bunduki ya mashindano, kama Anschütz, ina chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaa risasi) iliyobana, hata kichwa cha risasi hugusa mifereji ya mtutu kabla ya kufyatuliwa. Chemba hiyo hulipa kwa usahihi, lakini nta na masizi vikijikusanya, risasi huingia kwa shida. Bunduki inayojipakia yenyewe hupewa chemba iliyolegea zaidi ili imeze kila aina, na huhitaji msukumo wa kutosha kurudisha nyuma bolti, kile chuma kinachofunga chemba. Ukiilisha risasi za polepole, baadhi hukwama.

Kwa hiyo kuweka Ruger 10/22 ya kawaida, inayojipakia yenyewe, kando ya CZ 457, ambayo bolti yake huvutwa kwa mkono, kisha kutangaza mshindi mmoja ni kuzidhulumu zote mbili. Ruger, iliyoanza kuuzwa 1964, naiheshimu kwa magazini (kisanduku cha risasi) yake ya kuzunguka: kila risasi ina kitanda chake, hivyo kingo haziwezi kunasana, balaa linalozisumbua magazini nyingi za .22. CZ naichagua bila kusita kwa usahihi, kwa sababu bolti yake haitegemei nguvu ya risasi, nami niko huru kutafuta ile inayoupenda mtutu.

Wala umbo lisikudanganye. Remington Nylon 66 ilitazamwa kwa mashaka kwa sababu ya kitako chake cha nailoni badala ya mbao. Mwaka 1959 mlengaji Tom Frye alizitumia bunduki za aina hiyo kupiga vipande zaidi ya 100,000 vya mbao vilivyorushwa hewani, akakosa 6.

Anayetaka kutulinganishia bunduki mbili atupatie basi namba ya shehena ya risasi, umbali, makundi matano ya risasi kumi kumi kwa kila bunduki, na hesabu ya kila iliyokwama au kukataa kulipuka katika risasi 500 bila kusafisha.