Fidia ya anayebaki na dampo

Kila linapoibuka suala la kuwafidia wakazi wa mitaa inayopakana na dampo la Pugu Kinyamwezi, linalopokea taka za Dar es Salaam, jibu huwa lile lile: walilikuta, wakanunua viwanja kwa bei ya chee, leo wanataka kulipwa. Jibu hilo linaingia akilini haraka mno, na hapo ndipo ninapolitilia shaka.

Wanaolitoa hawasemi upuuzi. Fidia ikitangazwa leo, keshokutwa vibanda vya tegesha, vile vinavyojengwa haraka ili tu kuvizia fidia, vitafika hadi mpakani mwa dampo. Watu wa Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu kule Tarime, wanaujua mchezo huo. Harufu nayo haina bikoni ya kuonyesha mpaka: ukimlipa wa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya ishirini naye atadai. Halafu fedha za halmashauri ndizo hizo hizo zinazotakiwa kuleta udongo wa kufukia taka. Hili la mwisho ni zito kweli, kwa sababu taka zikifukiwa vizuri nzi wanapungua kwa wote.

Lakini nani alimkuta mwenzake? Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, lilikokuwa dampo wakati huo, walilishtaki Jiji. Mahakama Kuu ikaamuru umwagaji usimame, na Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Dampo likaondoka, likaenda Kunduchi Mtongani, kisha Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu, na mji ukilifuata nyuma. Kwa hiyo lilipopelekwa Pugu, Jiji lilishajua kitakachofuata. Mnunuzi wa kiwanja alichokuwa nacho ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinamjali anayehamishwa: thamani ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, pango la miezi 36, hata usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. (Sijui ni nani uswahilini mwenye mizigo ya tani 12, ila nafurahi kwamba walimfikiria.) Anayebaki akaendelea kuvuta hewa ile hana pa kushika humo. Wakazi wa bonde la Msimbazi walilipwa kwa kuwa mradi ulitaka eneo lao. Jirani wa dampo hakuna anayeitaka nyumba yake.

Isipokuwa mtoza kodi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na mwaka 2023 nyumba ya kawaida ilipanda kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Aliye ubavuni mwa dampo anakatwa 1,500 kwa mwezi sawasawa na wa Sinza, aliye mbali na harufu hiyo. Mama lishe anayepakua wali na kurudisha kawa kabla hajapokea hela, ambaye chumba chake cha kupangisha kinakaa kitupu masika nzima, anakatwa. Naelewa kuwa kiwango kimoja kinarahisisha ukusanyaji. Ila hapo hoja ya bei ya chee inaishiwa nguvu: unafuu ule alipewa na aliyemuuzia, serikali haijampunguzia hata senti.

Ndiyo maana naona msamaha wa kodi hiyo ungekuwa mwanzo mzuri, hata kama hautamtajirisha mtu. Na woga wa tegesha? Nani atajenga kibanda kando ya dampo ili asikatwe buku jero? Uongeze bima ya afya kwa kaya na maji ya bomba, bado ni malipo yanayokoma mtu akihama.

Fedha zitoke kwetu tunaotoa mifuko nje Kinondoni na Kariakoo: nyongeza ndogo kwa kila tani inayopita getini, iwekwe kwenye akaunti ya mitaa hiyo, mbali na bajeti ya udongo, na mapato na matumizi yake yasomwe kwenye mkutano wa mtaa.