Si eksirei, ni infraredi
Nimesoma makala: eti eksirei ndiyo iliyofichua michoro ya awali chini ya picha za Renaissance (sanaa ya Ulaya ya karne ya 14 hadi 16)? Hapo mwandishi kachanganya. Eksirei hunasa zaidi rangi nyeupe yenye madini ya risasi. Mchoro wa mkaa au wino mweusi hutafutwa kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, maana rangi nyingi za juu huipitisha, tabaka la chini la chaki nyeupe huirudisha, kaboni inaimeza. Kamera ya usiku ya dukani kwetu, nayo ya infraredi, hufanya kioja hicho hicho: kwenye daftari la mauzo saini za kalamu ya bluu hazionekani kabisa, hesabu za penseli nyeusi tii! (Leonardo da Vinci ana ubishi wake: mwaka 2019 pale National Gallery, London, eksirei za kusoma madini zilinasa mchoro wake wenye zinki.) Tazameni picha ya Arnolfini ya Jan van Eyck, 1434, humo humo National Gallery: bwana na bibi wamesimama, mbwa miguuni pao. Infraredi inaonyesha mkono na miguu ya bwana ilisogezwa, lakini yule mbwa hana mchoro chini yake, kapakwa moja kwa moja. Wachoraji mliomo humu, mbwa aliongezwa mwishoni au Van Eyck alijiamini tu?