Duluti, kimbia kwa spidi ya kuimba

Kila Jumapili nikifungua simu nakuta magrupu ya wakimbiaji wa Arusha yamejaa picha za saa za mkononi, huyu kamaliza km 10 kwa dakika 48, yule kapandisha kilima gani sijui, na tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu atuletee dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo 2025, ya kwanza kabisa kwa Tanzania, moto umezidi. Mimi nafurahi, kile kitu kilinitoa machozi aisee. Ila kuna watu wengi, akina mama, watu wa ofisini, waliotoka kuumwa, wanaangalia zile picha wanasema basi mbio si za mtu kama mimi. Hapo ndipo roho inaniuma, maana kukimbia polepole ni kukimbia, na kwetu hapa tuna sehemu kama imeumbwa kwa ajili hiyo.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilianza na grupu moja la mtaani, watu wazuri tu lakini wana miaka kumi kwenye mbio, mimi nikawa nalazimisha kwenda nao sambamba kwenye lami, mlima juu mlima chini, wiki ya tatu goti la kushoto likagoma na nikakaa miezi minne sijagusa raba. Kilichonirudisha ni Ziwa Duluti.

Kwa asiyelijua, unapanda daladala ya barabara ya Moshi unashuka Tengeru, km 14 hivi kutoka mjini, halafu boda au mguu. Ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, chini ya Mlima Meru, pembeni mashamba ya kahawa, na limezungushiwa msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, unalipa kiingilio getini unaingia. Ndani kuna njia ya mguu inayofuata ukingo wa maji, mzunguko mmoja ni km 3 na ushee, hakuna mlima wa kukukata pumzi, ni vipando vifupi vifupi tu. Mtu wa Dar asishangae akihema lakini, pale ni karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari.

Nenda asubuhi mapema, jua likiwa bado halijashika. Udongo ni mweusi na laini, mguu unatua bila kishindo, ndiyo maana goti langu halikulalamika, ila mizizi imetambaa njiani kama mishipa ya mkono wa mzee kwa hiyo macho yawe chini. Miti imefunga juu mpaka unakimbia kwenye giza la kijani, halafu ghafla inaachia mwanya na unaona maji yametulia tuli, ukungu unateleza juu yake taratibu. Siku moja nimesimama kwenye mwanya kama huo kufunga kamba ya raba, kenge mkubwa alikuwa amelala kwenye gogo hatua tatu kutoka kwangu, rangi moja na gogo lenyewe, hata sikumwona mpaka alipojitupa majini pwaa. Ukiwa unakimbizana na saa utaviona saa ngapi vitu hivyo?

Sasa spidi gani? Jibu tulishafundishwa shule ya msingi, tumesahau tu. Mchakamchaka! Alfajiri, vumbi, kiongozi mbele anaanzisha na wote mnaitikia, na tulikuwa tunaenda mbali kweli na hakuna aliyezimia, kwa sababu mtu anayeimba hawezi kukimbia kupita pumzi yake. Ndicho kipimo ninachotumia Duluti mpaka leo, nikishindwa kuitikia wimbo napunguza, nikishindwa kabisa natembea, na wala sioni aibu. Moyo na mapafu vinajengeka hukohuko kwenye mwendo wa polepole, na hata wakimbiaji wakubwa wa kule Iten, Kenya, siku nyingi wanatoka taratibu huku wanapiga stori, spidi ina siku zake. Anayekuambia mwendo wa hivyo ni kupoteza muda muache aende.

Naomba mawili tu kwa watakaoenda. Spika za muziki ziacheni nyumbani, kima wa pale wakisikia kelele wanapotea na ndege wananyamaza, sasa mmekuja msituni kufuata nini? Na chupa ya maji uliyoingia nayo utoke nayo, nimeokota nyingi mno kwenye mafunjo na inanikera kutoka moyoni. Masika njia inateleza vibaya kwenye vipando, siku hizo tembea.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mdogo, ana miaka 56 na daktari alishamwambia atembee kwa ajili ya presha, akawa anakataa anasema atachekwa barabarani. Getini askari wa msitu akamwamkia, "Shikamoo mama, leo mnazunguka mara ngapi?" akajibu marahaba mwanangu, moja tu tena kwa shida. Tulianza kwa kutembea. Tulipofika upande wa pili wa ziwa, pale kivuli kinapozidi, nikamsikia nyuma yangu anaanzisha wimbo wa mchakamchaka wa shuleni kwao, sauti ya chini kwanza, halafu miguu yake ikaanza kufuata wimbo, tap tap tap, nikaitikia, tukaenda hivyo labda mita 200 akatembea, akapata pumzi akaanzisha tena. Tulipokaribia geti nikageuka kuelekea nje, yeye akanipita, ameshika khanga yake mkononi, anaelekea njiani kule tulikoanzia.

"Mbona unatoka," akaniambia, "si tunazunguka tena?"