Kulinda Amani Ambayo Haipo

Mlinzi hulinda kilichopo. Ukimweka mtu getini usiku kucha, ndani lazima kuwe na mali. Ndiyo maana hili jina la "walinzi wa amani", wanaloitwa askari wa Umoja wa Mataifa, hunikereketa kila nikilisikia likitajwa pamoja na Kongo.

Suez mwaka 1956 kulikuwa na cha kulinda. Mapigano yalikuwa yamesimama, na Misri ilikubali askari wa Umoja wa Mataifa waingie na silaha zao nyepesi, wasimame katikati. Mwaka 1967 Nasser, rais wa Misri, aliwataka waondoke, wakaondoka. Haukupita mwezi, vita ikalipuka.

Kanuni hizohizo zikapelekwa Kongo mwaka 1960. Waziri Mkuu Lumumba aliwaomba askari hao waje akitumaini watamsaidia kulirudisha jimbo la Katanga lililojitenga, akajibiwa kwamba wao hawaegemei upande. Januari 1961 akauawa. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama likaruhusu nguvu itumike, ikibidi, kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mwenye shida alikuwa ameshazikwa. Tena hata kaburi la maana hakupewa.

Rwanda nitaipita haraka, maana inauma: tarehe 21 Aprili 1994, watu wakiendelea kuchinjwa, Baraza hilohilo liliamua kikosi kipunguzwe kibaki na askari 270 hivi.

Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, kofia za bluu za Umoja wa Mataifa zikiwepo mjini. Aibu ile ndiyo iliyozaa azimio namba 2098 la Machi 2013, na brigedi ya askari kama 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Hawa waliruhusiwa kumfuata adui alipo. Kufikia Novemba, brigedi hiyo ikipigana bega kwa bega na jeshi la Kongo, M23 walikuwa wamesambaratika. Watanzania tulitembea kifua mbele, nami nikiwemo.

Lakini kumfuata adui msituni ni vita, na adui naye hujibu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, huko Beni, ilishambuliwa, na vijana wetu wasiopungua 14 wakauawa.

Sisemi tusiende. Nasema tuiite vita, bungeni na kwenye magazeti, kabla ndege haijaruka. Mama aliyeambiwa mwanawe anakwenda Beni "kulinda amani" ameambiwa nusu ya habari.