Panya Hakufa, Sawa. Je, Dawa Ni Salama?

Mwaka 2011 foleni ya magari ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilihesabiwa kwa kilomita. Watu walifuata kikombe kimoja cha mchemsho wa mizizi ya mugariga, kilichosemwa kinaponya hata UKIMWI, shilingi 500, mkononi mwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yule "Babu". Wataalamu wa serikali waliipima dawa ile wakatangaza kwamba haikuonekana kuwa na madhara kwa binadamu. Siku zilezile madaktari walikuwa wakiwasihi wagonjwa wasiache ARV zao. Kauli hizi mbili hazigongani hata kidogo, ila wengi walizisikia kama zinagongana, kwa sababu neno "salama" lilitupwa hewani bila kusemwa: salama kwa nani, kiasi gani, kwa siku ngapi, na ikiwa imepikwa vipi.

Waganga wa tiba asili wana hoja yao, na si ya kubezwa. Wanasema mti ulionywewa na vizazi vitatu umeshapimwa, tena kwa watu, siyo kwa panya. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1991, lilikubali kwamba dawa iliyozoeleka kimila bila madhara yaliyothibitika isiwekewe vizuizi mpaka ushahidi mpya ujitokeze. Mti unaoua kabla jua halijazama kijiji kinaukumbuka. Ulishatengwa zamani, au ulishawekewa masharti yake: chemsha mara mbili, maji ya kwanza mwaga, mjamzito asiguse. Isitoshe, panya ana kasoro ambayo ripoti nyingi haziigusi: hawezi kutapika. Mtu akipewa kitu kikali tumbo hukirudisha. Panya hukaa nacho mpaka mwisho.

Watu wa maabara wanajibu kwamba kumbukumbu ya kijiji ni kali kwa sumu ya haraka na ni kipofu kwa sumu ya polepole. Mfano wao mkubwa ni Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kliniki ya kupunguza unene ilitoa vidonge vyenye mimea ya Kichina, na mzizi wa Stephania tetrandra ukawa umebadilishwa na wa Aristolochia fangchi, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanakaribiana. Zaidi ya watu 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mimea ya jamii ya Aristolochia ilikuwa imetumika kwa karne nyingi. Mgonjwa anayepoteza figo miaka miwili baada ya kumeza dawa hamlaumu aliyempa. Analaumu uzee, au jirani. Karibu na kwetu kuna impila ya Wazulu, jina lililo ndugu wa neno lao la uzima; kitaalamu ni Callilepis laureola. Mzizi wake una atraktilosidi, sumu inayoua ini na figo, na mila haikuuondoa sokoni.

Hapo maabara inaonekana imeshinda. Lakini tuingie ndani tuone inapima nini hasa.

Kipimo kinachotajwa sana ni cha sumu ya mara moja. Kwa utaratibu namba 423 wa OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea inayotoa miongozo ya vipimo, panya watatu wa kike waliolala bila kula hupewa dozi moja, kwa kawaida miligramu 300 kwa kila kilo ya uzito kama hakuna taarifa za awali, kisha 2000 wasipokufa. Huangaliwa kwa karibu nusu saa ya kwanza, saa nne za mwanzo, halafu kila siku hadi siku ya 14. Wengine hutumia mbinu ya Lorke ya 1983, inayomaliza kazi kwa panya 12 au 13 na kupanda hadi miligramu 5000. Matokeo ya mimea mingi yanafanana: hakuna aliyekufa. Sentensi hiyo ndiyo inayohamia kwenye lebo ya chupa.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za unga wa mzizi mkavu zinachemshwa, zinachujwa, maji yanasawazishwa yawe lita moja. Yakikaushwa, tuseme inabaki dondoo ya gramu 12, unga wa kahawia unaonata vidoleni. Kikombe cha mililita 250 basi kina gramu 3, na mtu wa kilo 60 anapata miligramu 50 kwa kilo. Panya waliopewa 2000 wakaishi wanasikika kama wamestahimili mara 40 ya dozi ya mtu. Ila mwili mdogo huendesha mambo kwa kasi kuliko mkubwa, hivyo dozi ya mtu huzidishwa kwa 6.2 ili ilingane na ya panya: 310. Ile mara 40 imeshuka hadi mara sita na nusu hivi. Huyo mtu akinywa vikombe vitatu kwa siku, sawasawa na alivyoelekezwa, inafika 930, na kwa dawa ya kila siku kipimo cha mara moja hakimsemei tena. Jaribio la siku 28, ambalo panya hupewa dozi kila siku, kwa kawaida hukomea miligramu 1000 kwa kilo kwa siku, isipokuwa matumizi ya watu yanadai zaidi. Kati ya 930 na 1000 hakuna nafasi ya kujidai nayo.

Kuna na mambo ya mkono. Panya wa gramu 200 anayepewa 2000 kwa kilo anahitaji miligramu 400 za dondoo. Ukimnywesha mililita 2, unamsukumia kitu kizito kama uji, kinachoziba ile sindano butu ya kunyweshea. Mpimaji akilazimisha, au ncha ikiingia kwenye koo la hewa badala ya la chakula, panya anakufa kwa kuzama, na kifo kinaandikwa kwa jina la mti. Dawa ya hilo ni kuongeza maji hadi mililita 4, kiasi kinachoruhusiwa kwa dondoo ya maji, na kumpasua kila aliyekufa ili kuangalia mapafu. Ukikuta rangi ya kahawia humo, umejijibu. Upande wa pili, dondoo isiyoyeyuka vizuri hutulia chini ya chupa, panya wa kwanza wanapata maji matupu, na mti mkali unatoka na cheti cha upole. Chupa itikiswe kila kabla ya kuvuta. Ni jambo dogo, na limeharibu kazi nyingi.

Jaribio la siku 28 ndilo linaloanza kusema kitu. Makundi manne, yaani dozi tatu na kundi la kulinganisha linalopewa kile kiyeyushi tu, kila kundi panya watano wa kiume na watano wa kike: jumla 40. Uzito huandikwa angalau kila wiki, kwa kuwa panya anayeacha kunenepa hutangulia kusema kabla ya damu. Mwishoni hupimwa ALT na AST, vimeng'enya vya damu, kwa ajili ya ini, urea na kreatinini kwa ajili ya figo, viungo vinapimwa uzito, vipande vyake vinatiwa kwenye formalini ya asilimia 10 vikatwe vyembamba na kuangaliwa kwa darubini. Damu ikivutwa kwa pupa kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu zinapasuka na AST inapanda wakati ini halina kosa. Kwa hiyo namba moja iliyopanda peke yake, bila darubini kuiunga mkono, haitoshi kumhukumu mti.

Uduvi wa maji chumvi, ambao vyuo vyetu vinapenda kuwapimia sumu kwa kuwa bei yao ni ndogo, sitawakalia sana. Mayai yanaanguliwa kwa siku moja au mbili, uduvi kumi wanawekwa kwenye kichupa, saa 24 baadaye unahesabu waliokufa. Ni chujio zuri la kuanzia, siyo cheti. Uduvi hana ini, na zipo sumu, kama alkaloidi za pirolizidini za baadhi ya mimea, ambazo ini lenyewe ndilo linalozigeuza kuwa kali.

Sasa hoja ya waganga inarudi kwa mlango mwingine. Jaribio la siku 90 linakula panya 80, chakula chao, vitendanishi na mshahara wa mtaalamu wa darubini. Mwenye kibanda sokoni halimudu, na akidaiwa hilo hataacha kuuza, atauza gizani. Wana haki pia kulalamikia marufuku za haraka. Ujerumani ilipiga marufuku dawa za kava, mzizi wa kutuliza wasiwasi, mwaka 2002 kwa hofu ya ini, na mahakama ikaja kuitengua mwaka 2014. Lakini kisa hicho kina pande mbili. Visiwa vya Pasifiki hunywa kava iliyolowekwa kwenye maji. Vidonge vingi vya Ulaya vilitokana na dondoo ya spiriti au asetoni, ambazo huvuta vitu ambavyo maji huviacha. Kama tofauti hiyo ndiyo chanzo bado wanabishana, ila swali lilikuwa sahihi.

Ndiyo maana kwangu mizani haiinamii upande mmoja. Anayechemsha kama bibi yake alivyochemsha, kwa kikombe kilekile na siku zilezile, anaweza kuanza na mambo matatu ya bei nafuu: tawi lenye maua au matunda likakaushwe na kuthibitishwa kwenye hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, kwa sababu vipande vya mizizi sokoni vinafanana vyote, unga upimwe sumukuvu, vijidudu na risasi, kisha jaribio la siku 28. Anayebadilisha chochote, maji kuwa spiriti, jani kuwa mzizi, siku tatu kuwa miezi mitatu, kikombe kuwa kapsuli, ameitupa hoja ya wazee kwa mkono wake mwenyewe. Huyo adaiwe siku 90, tena kwa dondoo ileile anayouza, siyo ile aliyopeleka maabara.

Hata hivyo panya 40 hawawezi kuonyesha dhara linalompata mtu mmoja katika elfu. Hilo hukamatwa na daftari la mganga: jina la mti, tarehe ulipochimbwa, kiasi alichotoa, simu kwa mgonjwa siku ya saba na ya thelathini kumuuliza rangi ya mkojo, macho na hamu ya kula. Na safu moja zaidi, iliyohitajika Samunge kuliko kipimo chochote: dawa nyingine anazotumia, na kama bado anazimeza.