Daftari la nasaba halikuwabeba makuhani

Tangu Julius Wellhausen, mwanazuoni Mjerumani wa Biblia, katika karne ya 19, wachambuzi wengi wa Agano la Kale wamezitazama nasaba za makuhani kwa jicho la shaka. Sadoki, kuhani ambaye uzao wake ulikuja kushika ukuhani wa hekalu la Yerusalemu, anazuka ghafla katika utawala wa Daudi. 2 Samweli 8:17 inamtaja baba yake, Ahitubu, basi. Ukoo wake mzima, kupitia Finehasi na Eleazari hadi Haruni, tunaupata katika Mambo ya Nyakati, kitabu kilichoandikwa baada ya uhamisho wa Babeli. Wapo hata wanaosema alikuwa kuhani wa Wayebusi, wenyeji wa Yerusalemu kabla Daudi hajauteka mji. Kwa hiyo, wanasema, orodha hiyo ni hati iliyotengenezwa baadaye ili walioshika hekalu waonekane wana haki nalo, na ahadi ya ukuhani wa milele aliyopewa Finehasi katika Hesabu 25 ikaja kuipiga muhuri.

Hoja hii ina uzito, tena mkubwa. Lakini inamchukulia mwandishi wa kale kama karani mjanja, na ujanja huo siuoni kwenye orodha zenyewe. Kuanzia Haruni hadi Seraya, kuhani mkuu wa wakati Yerusalemu ilipoanguka, 1 Nyakati 6 ina majina 22. Ezra 7 ina 16. Majina sita ya katikati hayapo, yote mfululizo, na miongoni mwake yumo Ahimaasi, yule mwana wa Sadoki aliyempelekea Daudi habari za vita. Pengine jicho la mnakili liliruka, maana kina Amaria na Azaria wanajirudia mno. Yehoyada, kuhani aliyemficha mtoto Yoashi na kumweka kwenye kiti cha enzi, hayumo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Anayeghushi hati hawezi kumsahau mtu wa namna hiyo.

Kuna aya tatu ambazo nadhani hazipewi nafasi yake: Ezra 2:61-63. Waliorudi kutoka Babeli wanahesabiwa, na makuhani wanafika 4,289 kati ya watu 42,360, yaani mmoja katika kila kumi. Kisha zinatajwa koo tatu, za Habaya, Hakosi na Barzilai, zilizotafuta majina yao katika daftari la nasaba zisiyaone. Zikaondolewa katika ukuhani. Liwali akawakataza kula vitu vitakatifu sana mpaka atakaposimama kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vile vitu vya kuulizia mapenzi ya Mungu.

Hapa ndipo penye swali. Kabila la Lawi halikugawiwa nchi. Kuhani aliishi kwa sadaka. Kufutwa ukuhani kulikuwa kunyang'anywa riziki. Kama kubuni babu lilikuwa jambo jepesi, watu hawa walikuwa na kila sababu ya kumbuni. Hao wa Barzilai hata walikuwa na jina la fahari, la mzee Mgileadi aliyemlisha Daudi alipomkimbia Absalomu. Babu yao alioa katika nyumba hiyo akalichukua. Halikuwasaidia. Kuhusu Hakosi, Nehemia 3 inamtaja Meremothi mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, akijenga ukuta, na Ezra 8 inamwonyesha Meremothi mwana wa Uria, kuhani, akipokea fedha na dhahabu za hekalu. Yaelekea ukoo huo ulirudishwa kazini baadaye.

Mwenye shaka atajibu kwamba kufungia watu nje ni siasa vilevile, tena ni njia nzuri ya kuwaondoa washindani. Sawa. Lakini siasa hiyo iliwageukia wakubwa pia. Katika Nehemia 13 anafukuzwa mjukuu wa kuhani mkuu Eliashibu, mtu mwenye nasaba isiyo na doa, kwa kuwa mkwe wa Sanbalati, mpinzani wa Nehemia. Nyumba ya Eli, kuhani wa Shilo, nayo iliahidiwa kutumika milele, kisha 1 Samweli 2 ikaiondolea ahadi hiyo kwa sababu ya wanawe walionajisi dhabihu. Sulemani alipomfukuza kuhani Abiathari, mzao wa Eli, kwenda Anathothi, msimulizi akasema neno lililonenwa Shilo juu ya nyumba ya Eli limetimia. Agano liliubeba ukuhani wenyewe, bila kuikinga kila nyumba.

Kinachonisumbua ni Yeremia 33. Huko ahadi kwa makuhani Walawi inalinganishwa na mchana na usiku, na aya hizo hazimo katika tafsiri ya kale ya Kiyunani. Nakubali kwamba huenda ziliongezwa baadaye. Hata hivyo, aliyeziongeza aliziweka kinywani mwa Yeremia, mtoto wa makuhani wa Anathothi, mji uleule wa Abiathari, na Sadoki hakumtaja. Kwa mhariri aliyekuwa akiutetea ukoo wa Sadoki peke yake, huo ungekuwa uchaguzi wa ajabu.