Kiini chenye umbo la kibuyu na mtego wa ioni

Mwaka 2023 watafiti wa JILA, taasisi ya fizikia kule Boulder, Colorado, Marekani, walieleza jinsi walivyozishika ioni (molekuli zenye chaji) za hafniamu-floridi kwenye mtego wa umeme na kuzipima kwa hadi sekunde tatu. Walitaka kujua kama chaji ya elektroni imeegemea upande mmoja. Dalili haikuonekana, wakahitimisha kwamba mwegemeo huo, kama upo, hauzidi 4.1 × 10⁻³⁰ kwa kipimo cha chaji ya elektroni mara sentimita. Sasa wapo wanaotaka mbinu hiyo ielekezwe kwenye viini vya atomu. Nawaunga mkono, ingawa kazi si nyepesi.

Mwegemeo kama huo ungeonyesha kwamba sheria za maumbile hazibaki zilezile muda ukigeuzwa nyuma. Tunautafuta kwa sababu ulimwengu umejaa mata huku antimata, yaani pacha wake wenye chaji kinyume, ikiwa haba mno, na uvunjifu wa ulinganifu kati ya hizo mbili ulioonekana mwaka 1964 katika kaoni, chembe ndogo zinazoishi muda mfupi, hautoshi kueleza tofauti hiyo.

Faida kubwa ya mtego ni muda. Boriti ya thoriamu-oksidi, yaani mkondo wa molekuli zinazopita bila kushikwa, ya kundi la watafiti la ACME, mwaka 2018, ilipimwa kwa takriban milisekunde moja. Ukizidisha muda mara mia, usahihi hupanda mara mia. Ukizidisha molekuli mara mia, hupanda mara kumi tu. Hesabu hiyo ndiyo inayoipa nafasi radiamu, metali nururifu. Mwaka 2013 vipimo vya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, vilionyesha kwamba kiini cha radiamu-224 kina umbo la kibuyu, na wananadharia hukadiria kwamba kwa jirani yake, radiamu-225, umbo la namna hiyo hukuza dalili ya mwegemeo mamia ya mara kuliko zebaki. Ila nusu ya radiamu-225 huoza kwa siku 15 hivi, nayo ni adimu. Kitu cha namna hiyo hakimwagwi ovyo. Hutunzwa mtegoni, chembe chache kwa muda mrefu. Huko Santa Barbara, mwaka 2021, ioni za radiamu-haidroksidi zilikwisha kushikwa na kupozwa.

Wanaosita nao wana hoja. Ioni husukumana, hivyo ukizijaza nyingi huvurugana. Uga wa umeme unaohitajika kuzielekeza huzisukuma pia, ndiyo maana JILA walilazimika kuuzungusha. Na kwa upande wa viini, kikomo cha mwegemeo wa zebaki kilichopatikana Seattle mwaka 2016, 7.4 × 10⁻³⁰ kwa kipimo kilekile, kimetoka kwa mvuke ndani ya vichupa vya kioo, bila mtego wowote.

Hata hivyo, zebaki ina udhaifu ambao hautajwi vya kutosha: hesabu za kiini chake hupishana, wakati mwingine hata kwenye alama ya kujumlisha au kutoa. Kwa radiamu, angalau umbo la kiini hupimika na hesabu hushikizwa hapo. Ningetaka mitego ya radiamu ipewe fedha za miaka mingi, na vichupa vya zebaki viendelee kupimwa, kwani dalili ikionekana kwenye kiini kimoja tu haitatuambia kama imetoka kwenye protoni, nyutroni, au nguvu zinazoziunganisha.